Majina Niliyoyafuta

Kengele ya saa tisa ikishalia, wenzangu wa kidato cha pili hukimbilia uwanjani na mimi huchukua ufagio. Chumba cha kompyuta cha shule yetu kiko upande unaopigwa na upepo, na yeyote aliyewahi kuishi Chamwino anajua upepo wetu huja na nini. Vumbi hupita chini ya mlango, huingia ndani ya vitambaa tunavyofunikia kompyuta na kukaa katikati ya vibonye. Kabla ya kuandika herufi moja, sharti ufagie, upanguse, kisha umwombe Mungu umeme usikatike. Kompyuta ziko nane. Tatu kati yake ni mapambo.

Naitwa Emiliana Matonya. Wanaonijua husema nina hasira za karibu, na sitabishana nao, maana nikibishana nitakuwa nimewapa ushahidi.

Klabu yetu ya TEHAMA ina wanachama kumi na wawili kwenye daftari la mahudhurio, na wawili kwenye kazi: mimi na Aiman. Aiman ni mtoto wa Dodoma mjini, kutoka ukoo wa wenye maduka, aliyekuja Chamwino kukaa kwa shangazi yake. Kwake yeye ng'ombe ni nyama ya mchuzi. Lakini kichwa chake kinaelewana na kompyuta, na kwa miezi saba tulikuwa tumeandika pamoja programu tuliyoiita Daftari la Zizi. Ni kanzidata, yaani mahali pa kuhifadhi taarifa kwa mpangilio ili uzipate ukizitafuta. Unaandika ng'ombe, alama ya sikio lake, kijiji chake, chanjo na tarehe. Mchanjaji akifika zizini na kishikwambi chake, anajua papo hapo ni ng'ombe yupi amechanjwa na yupi bado.

Afisa mifugo wetu aliipenda, akawasimulia wenzake wa Chemba. Huko walikuwa wanajiandaa kwa kampeni ya chanjo katika vijiji kumi na vinne, na kumbukumbu zao zote zilikuwa kwenye karatasi. Wakasema wanaitaka. Mwalimu Silvano, mlezi wa klabu, alitutangaza mstarini mbele ya shule nzima. Siku hiyo nilitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyevaa viatu vipya. Kazi yetu ingetumika wilaya nyingine, na watu wazima!

Ndipo Jumanne moja akaja Bwana Tumsifu.

Bwana Tumsifu ni afisa TEHAMA. Kazi yake ilikuwa kuikagua programu kabla haijawekwa kwenye vishikwambi ishirini vya Chemba. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akapangusa kiti mwenyewe na kuketi.

"Naomba orodha ya maktaba mlizotumia," alisema.

Wanaoandika programu huita maktaba kitu ambacho hakina kitabu hata kimoja. Ni kipande cha programu kilichoandikwa na mtu mwingine na kuwekwa mtandaoni, nawe unakichomeka ndani ya programu yako ili usianze kila kitu upya. Sisi tulikuwa na vipande vitano. Kimoja kilishughulikia tarehe, kingine michoro, kingine kuchapisha, kingine nywila. Cha tano ndicho nilichokipenda kuliko vyote: kilichukua taarifa za vishikwambi vingi vilivyofanya kazi bila mtandao na kuziunganisha kwa sekunde mbili, bila kumwandika ng'ombe mmoja mara mbili.

"Orodha hatuna," nikamjibu. "Lakini zote ni za bure. Nilizipakua mwenyewe, hakuna iliyotudai hata senti."

"Sikuuliza bei, binti. Nimeuliza ni za nani, na wenyewe wamesema nini."

"Za nani? Si za mtandaoni!"

Aiman alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimemaanisha.

Bwana Tumsifu akaivuta kompyuta karibu. Akaifungua programu, akawa anashusha ukurasa taratibu. "Hizi safu mbili, 'mwenye' na 'mtunzaji', ni za nini? Ng'ombe mmoja, watu wawili?"

Hapo nilivimba kichwa. Aiman alikuwa ametaka safu moja, na tuligombana juma zima mpaka nikashinda. "Kwetu Wagogo, ng'ombe walio zizini si lazima wawe wa mwenye zizi," nilimweleza. "Kwa mfano, baba yangu anatunza ng'ombe sita wa Mzee Sila. Maziwa tunakunywa, samadi tunatumia, madume tunalimia. Lakini ndama akizaliwa ni wa Mzee Sila, na sikio lake linakatwa alama ya Mzee Sila. Usipoandika watu wawili, baada ya miaka mitatu watu wanafikishana kwa mtendaji."

"Vizuri sana. Sasa, akitokea mtunzaji akalikata upya sikio la ng'ombe aliyepewa, akaweka alama yake?"

"Huyo ni mwizi," nilisema bila kufikiri.

"Hata kama maziwa alikuwa ameruhusiwa kunywa?"

"Maziwa ni maziwa. Alama si yake."

Bwana Tumsifu akatikisa kichwa kukubali. Kisha akafungua msimbo, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya, akageuza skrini upande wangu. Lilikuwa faili la ile maktaba ya tarehe. Mstari wa juu kabisa ulisomeka: *Imeandikwa na Klabu ya TEHAMA, Chamwino.*

"Tarehe hizi mliziandika nyinyi?"

Nilihisi masikio yangu yanapata moto. Mwezi Februari flashi yetu ilikuwa imejaa. Karibu kila maktaba ilikuja na faili refu la Kiingereza lililoitwa leseni, na juu ya kila faili palikuwa na mistari kama kumi yenye jina la mwandishi, mwaka na masharti. Nilijaribu kuifuta, programu ikaendelea kufanya kazi kama kawaida. Basi nikafuta yote alasiri moja. Juu palipobaki patupu, nikaweka jina la klabu ili papendeze. Naapa, sikuona kama nimeiba. Niliona nimefagia.

"Kompyuta haiisomi ile mistari," nilijitetea.

"Ni kweli, haikuandikiwa kompyuta. Imeandikiwa watu." Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi zaidi. "Mwenye kazi anakwambia: chukua, tumia, badilisha, wape na wenzako, ila jina langu na maneno haya yabaki. Mwingine anasema: ukiwapa wenzako, wape na msimbo wako wote, nao wawe huru kama wewe. Hayo ndiyo malipo yao. Mngebaki nayo humu darasani ingekuwa nafuu kidogo. Lakini kuipeleka Chemba ni kuigawa."

"Sasa tufanye nini?" Aiman aliuliza.

"Nileteeni orodha. Kila maktaba, mwandishi wake, leseni yake. Ijumaa ya wiki ijayo, saa nane mchana. Bila hiyo siwezi kuipitisha, na Chemba wataendelea na karatasi zao."

Alipoondoka nilipiga teke mguu wa kiti. Miezi saba! Miezi saba ya vumbi na umeme wa kukatika, halafu kazi ikwame kwa sababu ya mistari ambayo hata kompyuta haiijali!

"Kiti hakikufuta kitu, Emiliana," Mwalimu Silvano alisema kutoka mlangoni, alikokuwa amesimama muda wote. "Kaa, tuanze."

Kufuta kulinichukua alasiri moja. Kurudisha kulinichukua siku tatu nzima. Sikuwa nimeandika popote nilikopakua, kwa hiyo ilinibidi kutafuta kila kipande upya, kwa mtandao wa simu ya mwalimu ambao ulikuwa unafikiri kabla ya kufungua kila ukurasa. Nilipata kilichofanana, kumbe si chenyewe. Nilipata chenyewe, kumbe toleo jingine lenye masharti mengine. Bando likaisha. Umeme ukakatika mara mbili siku ya Jumatano, na mara ya pili nililia, nikamwambia Aiman ni vumbi.

Hata hivyo, kufikia Ijumaa tulikuwa na nne. Tatu zilitaka tu majina na maneno ya leseni yarudishwe. Ya nne, ile ya michoro, ilikuwa na lile sharti jingine: ukigawa programu, gawa na msimbo wote.

"Haiwezekani!" Aiman aliruka. "Tuanike kazi yetu yote? Watatunakili!"

"Na sisi tumefanya nini?" nilimuuliza.

Alinuna kama dakika tano, kisha akakubali.

Ikabaki ya tano, ile ya kuunganisha. Ukurasa wake tuliupata kwa urahisi kuliko zote. Palikuwa na msimbo, na jina la mwandishi, mwalimu wa chuo fulani huko Peru. Leseni haikuwepo. Hapakuwa na sharti lolote, hata neno moja. Nilirukaruka kwa furaha, nikamwita Mwalimu Silvano. "Huyu hana masharti, Mwalimu! Huyu ndiye muungwana!"

Mwalimu alimpigia simu Bwana Tumsifu, akaweka sauti ya juu ili nasi tusikie. "Poleni," sauti ilisema. "Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Asipoandika leseni, maana yake hajaruhusu. Mtu kuanika nguo yake kwenye kamba ambapo kila mpita njia anaiona si kwamba amekupa uivae. Mwandikieni mumuombe."

Tukamwandikia siku hiyohiyo. Mwalimu alinisaidia Kiingereza. Tukasubiri Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Nilifungua barua pepe ya klabu mara nyingi mpaka Aiman akaniuliza kama nataka kuitoboa. Jumanne, zikiwa zimebaki siku tatu, bado palikuwa kimya.

"Sikiliza, Profesa wa Ng'ombe," Aiman alininong'oneza. "Orodha tunaandika sisi. Andika hapo 'ameruhusu'. Chemba nani atapanda ndege kwenda Peru kuuliza?"

Nilimtazama. Nilikuwa nimechoka, nimekasirika na kila mtu, hata na huyo mwalimu wa Peru ambaye hakunikosea chochote. Nikaandika: *ameruhusu.* Nikafunika kompyuta, nikaenda nyumbani.

Jua lilikuwa bado juu kidogo nilipofika. Zizini nilimkuta baba na Hasani, jirani yetu, wakibishana. Hasani alikuwa anahamia Makutupora kwa kaka yake mwenye shamba la zabibu, na kesho yake lori lingebeba mizigo. Alikuwa na mtamba mwenye mimba ambaye hakuweza kwenda naye. Alitaka kumbadilisha kwa dume moja, na dume alilolipenda lilikuwa mojawapo ya wale wa Mzee Sila.

Hata mtoto mdogo angeona kwamba Mzee Sila angefaidika. Dume lenyewe lilikuwa limeanza kuzeeka, na mtamba yule alikuwa mzuri, amenona. Baba alikuwa ameshika simu sikioni. Nilisikia sauti ya yule dada wa siku zote: namba unayopiga haipatikani kwa sasa.

"Mzee Matonya, jua linazama," Hasani alilalamika. "Kwani unamwibia? Unampa ng'ombe wawili kwa mmoja!"

"Sio wangu, Hasani."

"Baba, si atafurahi?" niliingilia, maana nisipoingilia huwa naumwa. "Kubali tu, kesho akipatikana umwambie."

"Huenda akafurahi," baba alisema.

"Basi! Na wala hajakataa."

"Hajakataa, na hajakubali. Hajajibu. Mtu asiyejibu hajasema ndiyo, Emi." Alipiga tena. Haipatikani. Akapiga tena.

Hasani alingoja mpaka akachoka, akamswaga mtamba wake kuelekea kwa jirani wa pili, ambaye ng'ombe wake wote ni wake mwenyewe na hana wa kumuuliza. Baba alimwangalia yule mtamba mpaka akapotea nyuma ya ua wa minyaa. Kisha akaipiga teke ndoo tupu, ikabiringika mpaka mlangoni. Nikajua hasira zangu nimezirithi wapi. Baba hakuwa ametulia wala hakuwa na furaha ya mtu mwema. Alikuwa na uchungu kama mimi, na bado hakulitoa dume lile.

Niliokota ndoo.

Jumatano asubuhi, kabla ya mstari, nilikwenda kwa Mwalimu Silvano nikamwomba ufunguo. Nilifuta neno *ameruhusu.* Nikaandika: *hajajibu.* Kisha nikamweleza mwalimu nilichokuwa nimeandika jana yake, na jinsi baba alivyokataa kulitoa dume la Mzee Sila bila kumpata kwenye simu, maana nilijua nisiposema mwenyewe litanikaa tumboni.

"Kwa hiyo?" akauliza.

"Kwa hiyo naitoa ile ya Peru, Mwalimu. Yote. Nitaandika ya kwetu."

"Ndani ya siku mbili?"

"Itakuwa mbaya," nilisema. "Lakini itakuwa yetu."

Ilikuwa mbaya kuliko nilivyotabiri. Aiman alinuna, akasema nimeharibu kila kitu, kisha akavuta kiti akakaa pembeni yangu, na tukaandika wote wawili. Hatukuwa na ujuzi wa yule mwalimu wa Peru. Programu yetu ilichukua ng'ombe mmoja, ikamlinganisha na wengine wote, mmoja baada ya mwingine, na ikiona wanaofanana ilisimama na kuuliza: *Je, huyu na huyu ni ng'ombe mmoja?* Mtu alipaswa kubonyeza ndiyo au hapana. Kisha iliendelea mpaka ikwame tena.

Ijumaa saa nane Bwana Tumsifu alikuja. Alisoma orodha yetu mstari kwa mstari, akafungua faili moja moja kuhakikisha majina yamerudi. Alipofika kwenye ya tano, aliinua uso. Nikamweleza. Akasema tuijaribu kwa taarifa za vishikwambi vitatu, ng'ombe mia nne na ishirini.

Kazi iliyokuwa ya sekunde mbili ilituchukua dakika kumi na moja. Tulikaa watu wanne tukiitazama ikisimama, ikiuliza, ikisimama tena. Nilitamani sakafu ipasuke. Ilipomaliza, nilijua kitakachofuata, nikaanza kukusanya daftari zangu.

"Inakwenda kama kobe," alisema Bwana Tumsifu.

"Najua."

"Ila kila kilichomo najua kimetoka wapi." Akatoa flashi yake mfukoni. "Jumatatu inaanza Chemba."

Ilianza. Wachanjaji walipita vijiji vyote kumi na vinne, na baada ya siku tatu ujumbe ulikuja kwa mwalimu: *Programu nzuri, ila kuunganisha kunatuchosha sana.* Mwalimu alinisomea wote, hakuruka sehemu ya pili. Niliumia. Nilijua kilichoweza kuwaondolea adha hiyo, nilikuwa nimekishika mkononi na kukirudisha mahali pake.

Siku ya ishirini tangu tuandike barua yetu, na kampeni ikiwa imekwisha, jibu lilikuja. Mwalimu alituita mimi na Aiman, akatufasiria. Yule mwalimu wa Peru aliomba radhi, alikuwa hospitalini. Alisema kipande kile alikiweka mtandaoni miaka sita iliyopita na hakujua kama kuna mtu anakitumia. Aliandika: *Nyinyi ni wa kwanza kuniuliza. Tumieni, wapeni na wengine. Naomba tu jina langu libaki.* Chini yake alisema ameshaongeza leseni kwenye ukurasa wake, ili mwingine asikwame kama sisi.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake damu ilinichemka. "Siku ishirini! Angekubali tangu mwanzo! Tumewatesa watu wa Chemba bure!"

"Si bure," alisema Mwalimu Silvano. "Kaa chini, Emiliana. Wewe pia, Aiman. Kitu kinaweza kupatikana bila malipo na bado kikawa na mwenyewe. Ukitumia kazi ya mtu, ibebe pamoja na jina lake. Usipojua kama ameruhusu, muulize. Na ukishamuuliza, subiri, hata kama kusubiri kunauma. Baba yako angempigia Mzee Sila mara mia, na ungemkasirikia mara mia."

"Lakini Mwalimu," Aiman alisema, "tungeandika 'ameruhusu' siku ile, Chemba hakuna ambaye angejua."

"Hakuna," mwalimu alikubali. "Ila nyinyi mngejua."

Mwalimu alitukabidhi ufunguo, tukaenda chumba cha kompyuta. Aiman alifagia, mimi nikapangusa. Kisha nikakirudisha kile kipande ndani ya Daftari la Zizi, na kabla ya kitu kingine chochote, nikaliandika jina la mwenyewe juu kabisa.